Kuanzisha kikundi cha mashabiki wa muziki mtaani Uganda, na kukifanya kidumu

Shabiki wa muziki Uganda huwa ameshapewa jina kabla hajafungua mdomo. Wa Lingala ni mlevi, wa rege ni mvuta bangi, wa hip hop ni muyaye, yaani mhuni, wa kadongo kamu, nyimbo za hadithi za Kiganda kwa gitaa, ni mshamba, wa metali anaabudu shetani. Msichana anayekwenda tamasha peke yake huitwa jina ambalo hatutaliandika hapa. Kubishana na majina haya ni kupoteza muda. Yanafifia pale jirani anapoona watu walewale wanakutana siku ileile, wanazima spika saa waliyosema, na mmoja wao akifiwa wanafika matangani na daftari la mchango. Mwongozo huu ni wa kuunda kikundi cha namna hiyo: watu 8 hadi 14, vikao viwili kwa mwezi, bila mfadhili.

Chagua aina ya muziki, usichague msanii

Kikundi kilichojengwa juu ya msanii mmoja aliye hai hurithi ugomvi wake wote. Miaka ya 2000 Kampala ilikuwa na kambi tatu, ya Chameleone, ya Bebe Cool na ya Bobi Wine, na shabiki wa huyu alitarajiwa kumtukana yule. Kisha siasa ikaingia. Bobi Wine aliingia bungeni 2017 na kugombea urais 2021, na 2018 Bebe Cool, aliyekuwa upande wa serikali, alirushiwa chupa jukwaani Lugogo, Kampala. Siku hizi fulana yenye sura ya msanii inaweza kusomwa kama fulana ya chama, na kikundi kikaitwa tawi la chama bila chenyewe kujua.

Kwa hiyo taja aina na kipindi: rumba ya Kongo ya 1960 hadi 1990, kadongo kamu, bendi za Kampala tangu Afrigo ilipoanzishwa 1975, au nyimbo za Kiswahili za Afrika Mashariki, humo wakiwemo Waganda walioimba Kiswahili kama Chameleone. Ukisema "muziki mzuri wa zamani" tu, kila mtu ataleta lake na hakuna atakayejenga ujuzi. Ukibana mno, nyimbo zitaisha. Piga hesabu: nyimbo 6 kwa kikao, vikao 24 kwa mwaka, ni nyimbo 144. Kama hamwezi kutaja wanamuziki au bendi 15 ndani ya mipaka yenu, panueni.

Mkitaka sare, jiepusheni na bereti nyekundu na kitambaa cha madoadoa ya kijeshi. Bereti nyekundu ilitangazwa kuwa vazi la jeshi Septemba 2019, na raia akikutwa nayo ni kesi. Fulana ya rangi moja yenye jina la kikundi inatosha.

Watu wa kwanza

Anza na watu 6 hadi 8. Chini ya 5, wawili wakikosa kikao kimekufa. Ukianza na 20, chumba kinagawanyika kuwa mazungumzo matatu na wimbo unageuka kelele za nyuma. Usitangaze mitandaoni mwanzoni. Wanaokuja kwa tangazo huja kuangalia, wanaokuja kwa kuitwa huja kukaa. Watafute mahali muziki unapopigwa kwa makusudi: kwa fundi redio, kwa kinyozi, kwa kijana anayejaza nyimbo kwenye flashi, kwa dereva wa teksi ambaye abiria wakilalamika hapunguzi sauti. Mwambie jambo moja tu: "Jumapili tunasikiliza, uje na wimbo mmoja."

Hakikisha siku ya kwanza wapo wanawake wawili au zaidi. Mwanamke mmoja kati ya wanaume saba hatarudi, na kikundi cha wanaume watupu kinathibitisha kila kinachosemwa mtaani. Tafuta pia mtu anayekijua Kilingala kama uwanja wenu ni rumba. Katwe na Nsambya, mitaa ya Kampala, kuna Wakongo wengi, na ukiwa upande wa Isingiro, kambi ya wakimbizi ya Nakivale imejaa watu waliokua na muziki huo. Kwa mkimbizi ambaye mtaa mzima unamjua kama "yule Mkongo," kiti cha mkalimani wa nyimbo ni heshima ya kweli. Kinampa sababu ya kuulizwa na kujibu, wala hakuna anayemhurumia.

Lugha ya kikao iwe Kiswahili pale ambapo watu hawakutoka sehemu moja. Tunajua hapa pana mzigo wa ziada: Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, lakini wazee wengi bado wanakiita lugha ya askari na wezi. Kikundi cha rumba kinachoongea Kiswahili kitanunwa mara mbili. Ndiyo maana mambo ya saa na sauti, yanayofuata hapa, hayana mzaha.

Mahali, siku na saa

Kafunda, baa ndogo ya mtaani, ndiyo jibu la haraka, na mara nyingi ndilo jibu baya. Ina spika, lakini pia ina bia, na bia inawafukuza Waislamu, walokole na wanawake wengi kwa mkupuo mmoja. Kama hamna pengine, ombeni Jumatatu au Jumanne ambapo wateja ni wachache, na mwulize mwenye baa kama ana leseni ya UPRS, chama kinachokusanya haki za wanamuziki, maana kupiga muziki hadharani kunahitaji leseni hiyo. Pazuri zaidi ni saluni au karakana baada ya kufungwa, ua wa nyumba ya mwanachama, au darasa la shule ya chekechea siku ya Jumapili.

Saa: kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni kamili. Jua la Kampala huzama karibu na saa 1 mwaka mzima, mapema au baadaye kidogo, na anayerudi nyumbani kukiwa na mwanga hahitaji kumweleza mtu alikotoka. Kanuni za kelele za 2003 hutenganisha mchana na usiku saa 4 usiku, lakini msiitegemee hiyo. Jirani hapimi kelele kwa sheria.

Kabla watu hawajafika, mmoja asimame kwenye ua wa jirani wa karibu wakati wimbo unapigwa. Akiweza kusikia maneno ya wimbo, punguzeni. Akisikia besi tu, tatizo haliko kwenye kitufe cha sauti: spika imewekwa sakafuni au kwenye kona, na kona huikuza besi. Inyanyue juu ya meza, isogeze mbali na ukuta hatua moja, kisha sikiliza tena.

Vifaa

Spika mbili ndogo za waya ni bora kuliko spika moja kubwa ya Bluetooth. Baadhi ya rekodi za rumba za miaka ya 1970 na 1980 ziliweka gitaa moja upande wa kushoto na jingine kulia. Ukicheza kwa spika moja iliyounganishwa upande mmoja, gitaa zima linapotea, na watu watabishana kuhusu sehemu ambayo nusu yao hawakuisikia. Jeki isiyoingia hadi mwisho nayo hupoteza sehemu ya wimbo. Dalili yake ni sauti ya mwimbaji kuwa mbali kama ya mtu aliye chooni. Ichomoe, ifute, isukume mpaka isikike ikiingia.

Mkilazimika kutumia Bluetooth, simu inayocheza iwekwe hali ya ndegeni kwanza, kisha Bluetooth iwashwe peke yake. Bila hivyo mtu atapigiwa simu katikati ya sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea dansi, na kikao kizima kitasikia anadaiwa na nani.

Nyimbo zishushwe kabla ya siku. Wimbo wa dakika 5 ni karibu MB 5 kwa 128 kbps na karibu MB 12 kwa 320 kbps. Nyimbo 6 hazizidi MB 75, bando dogo. Flashi iwe ya mfumo wa FAT32, kwani redio nyingi za mtaani hazisomi NTFS wala exFAT na huandika tu kwamba hakuna wimbo. Mkitumiana nyimbo kwa WhatsApp, zitumwe kama dokumenti. Msirekodi wimbo kwa kushikilia kitufe cha sauti karibu na redio, kwa sababu mfumo ule umetengenezwa kwa maneno ya mtu na huyakata magitaa.

Nunueni tokeni za Yaka, umeme wa kulipia kabla, asubuhi ya kikao, na muwe na spika moja yenye betri iliyojaa. Umeme ukikatika na watu wakakaa gizani dakika 20, nusu yao wataaga.

Kikao chenyewe

Kila kikao watu 6 wanaleta wimbo mmoja mmoja, kwa zamu iliyoandikwa. Mleta wimbo anasema kwa dakika 2: nani wanapiga, lini, na kwa nini ameuleta. Kisha wimbo unachezwa mwanzo hadi mwisho na hakuna anayeongea. Kisha dakika 8 za mazungumzo. Kwa nyimbo za dakika 6 hiyo ni dakika 16 kwa kila mmoja, jumla dakika 96, na zinabaki za chai na za waliochelewa. Rumba na kadongo kamu ni ndefu. Wimbo mmoja wa TP OK Jazz, bendi ya Kongo, wa miaka ya 1980 unaweza kujaza upande mzima wa sahani, na hadithi ya kadongo kamu hupita dakika 10 kwa urahisi. Siku hizo chukueni nyimbo 4 tu.

Ukimya wakati wa wimbo ndiyo kanuni ngumu kuliko zote, na ndiyo inayokitofautisha kikao na baa. Watu watacheka wiki mbili za kwanza. Shikilieni. Anayetaka kucheza dansi acheze, mwili hauzuii masikio.

Ni nini cha kuuliza baada ya wimbo? "Umeupenda?" huua mazungumzo, kwani jibu ni ndiyo au hapana. Ulizeni: gitaa la pili liliingia wapi? Nani anaitikia, wanaume watupu au kuna mwanamke? Ngoma ilibadilika sehemu gani? Ulikuwa wapi ulipousikia mara ya kwanza? Swali la mwisho ndilo linaloleta watu karibu, lakini lisiwe la kwanza. Mtu mgeni hawezi kusimulia maisha yake mbele ya watu asiowajua. Anaweza kusema gitaa limeingia wapi, na akishasema hilo mara tatu atasimulia mengine bila kuombwa.

Wimbo wa lugha isiyojulikana na wote huchukua nafasi ya nyimbo mbili. Mara ya kwanza uchezwe wote bila tafsiri. Kisha mkalimani aseme kwa sentensi tatu unahusu nini. Mara ya pili usimamishwe kila mwisho wa ubeti, na mistari minne tu, ile mizito, iandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila ukutani: lugha yake juu, Kiswahili chini. Msijaribu kutafsiri wimbo mzima. Watu huchoka na mkalimani huanza kubuni. Kwa kadongo kamu kazi ni nzito zaidi. Nyimbo za Herman Basudde, aliyefariki 1997, na Paulo Kafeero, aliyefariki 2007, zimejaa methali na mafumbo ya Kiganda ambayo hata kijana wa Kampala aliyezaliwa na Luganda hayapati yote. Hapo mwiteni mtu mzima aliyekulia kijijini. Mtakuta mabishano kati yake na vijana juu ya maana ya mstari mmoja yanachukua nusu saa, na hiyo nusu saa ndiyo kikao. Mwendesha kikao asiikate kwa sababu ya ratiba.

Mwendesha kikao abadilike kila mara. Akiwa mtu mmoja, kikundi kinakuwa chake, na akihama mtaa kimekwisha.

Kaseti za wazee

Kikundi kikishazoea vikao, kati ya mwezi wa tatu na wa nne, kinahitaji kazi ya mikono. Tunapendekeza kuhamisha kaseti za watu wazima kuwa faili. Karibu kila mtaa una mzee mwenye katoni ya kaseti chini ya kitanda, na redio yake iliharibika zamani. Kazi hii humwingiza kijana aliyeitwa muyaye katika nyumba ambazo hangeruhusiwa kuvuka kizingiti.

Nendeni wawili, mmoja wao awe mtu anayejulikana na familia. "Jjajja, tumesikia unazo kaseti za zamani. Tunaomba tuje na mashine hapa kwako tuzinakili, zenyewe haziondoki." Maneno hayo ya mwisho ndiyo muhimu. Wazee wengi waliwahi kuazima kaseti isirudi, na watakataa hata kabla hamjamaliza kueleza. Kwa hiyo mashine iende kwa kaseti, kaseti isiende kwa mashine.

Mtahitaji deki ya kaseti yenye tundu la kutolea sauti, kompyuta ya mkononi, programu ya Audacity ambayo ni ya bure, na kifaa kidogo cha sauti cha USB chenye tundu la kuingizia sauti la stirio. Wengi huruka kifaa hiki na kuchomeka waya kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Tundu hilo kwa kawaida ni la upande mmoja na limetengenezwa kwa sauti dhaifu, hivyo gitaa moja linapotea na lililobaki linakwaruza.

Kabla ya yote, fungua mlango wa deki na ufute kichwa cha kusomea na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, mpaka pamba itoke haina kahawia. Rudia kila baada ya kaseti tatu au nne, maana kaseti kuukuu humwaga vumbi. Angalia mgongo wa kaseti: vile vijimeno viwili vya plastiki vikiwa bado vipo, mwombe mwenyewe uvivunje, kwa sababu kidole kikikosea kitufe cha kurekodi mmefuta sauti ambayo huenda haipo pengine popote. Kisha izungushe kaseti yote hadi mwisho na uirudishe bila kuicheza. Utepe uliokaa miaka 20 huwa umegandana, na ukianza kuucheza moja kwa moja hukokota au kukatika.

Kaseti ikiwa na sauti inayokuja na kupotea, angalia kile kisponji kidogo kilicho katikati ya mdomo wake. Kama kimedondoka, fungua skrubu zake tano, hamisha magurudumu mawili ya utepe kwenye ganda la kaseti nzima, funga. Fanyeni juu ya kitambaa cheupe ili skrubu zisipotee. Kaseti zilizogundishwa bila skrubu mwachieni fundi. Sauti ikiwa ya chini-chini, kama inatoka ndani ya blanketi, wakati kichwa ni kisafi, kichwa hakijalingana na utepe: kando yake kuna skrubu ndogo, izungushe kidogo sana huku ukisikiliza, isizidi robo mzunguko, uiache pale matoazi yanaposikika makali zaidi.

Rekodi kwa Hz 44,100 na biti 16. Cheza sehemu yenye kelele nyingi kwanza na upange kiwango kisivuke −6 dB. Ikigusa 0 imeshakwaruza na hakuna dawa. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 ni dakika 30, karibu MB 320 za WAV, faili lisilobanwa. Hifadhi WAV kama ilivyo, tengeneza MP3 ya 192 kbps kwa kusikilizia. Usisafishe kelele ya utepe kwa nguvu, kwani huondoka pamoja na matoazi na pumzi ya mwimbaji.

Jina la faili: msanii, wimbo, mwaka, mwenye kaseti. Mwaka usipojulikana andika xxxx. Alama ya kuuliza Windows haiikubali. Wakati upande unacheza, dakika 30 nzima hamna la kufanya ila kukaa na mwenye kaseti. Mwulizeni aliinunua wapi, na muandike. Mkimaliza mwachieni flashi yenye nyimbo zake na redio ndogo inayoisoma kama hana. Flashi bila redio kwake ni ufunguo usio na mlango.

Hizi nakala ni za kutunza na kusikiliza kikaoni. Sheria ya Hakimiliki ya 2006 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, hivyo msiziuze wala msizipandishe mtandaoni.

Fedha

Vikundi vya mashabiki havifi kwa sababu ya muziki. Vinakufa kwa sababu ya tiketi: mtu mmoja amekusanya za watu 12, bei imepanda, wawili wamejitoa, na hakuna karatasi. Kikundi kisinunulie mtu tiketi. Kila mmoja anunue yake.

Mchango wa kikao uwe mdogo, tuseme shilingi 3,000. Watu 10 ni 30,000: 20,000 za chai, mandazi na karanga, 10,000 za mfuko. Kwa vikao 24 mfuko unafika 240,000. Hiyo ni ya spika, waya na, zaidi ya yote, shida. Waganda wanajua munno mukabi, mwenzio wa wakati wa shida; igeni mfumo wake. Andikeni kiasi kamili mapema: tuseme 50,000 kwa mwanachama aliyefiwa na mzazi, mwenza au mtoto, 20,000 kwa aliyelazwa. Bila kiasi kilichoandikwa, anayependwa atapata nyingi, mkimya atapata kidogo, na mkimya hatasema kitu ila hatarudi.

Daftari liwe na safu nne: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Lisomwe kwa sauti kila kikao, hata kama limebadilika kwa shilingi 500. Mkitunza kwenye mobile money, kutoa hukatwa kodi ya 0.5% mbali na ada ya wakala; 240,000 ni 1,200 za kodi. Si nyingi, lakini mweka hazina asizilipe mfukoni mwake, ziandikwe. Laini isiwe ile anayotumia kwa biashara yake.

Kwenda tamasha pamoja

Teksi ya kukodi, lile basi dogo, hubeba abiria 14, na hilo ndilo jambo linaloamua wangapi waende. Mpatane na dereva kwenda na kurudi, alipwe nusu ya pili akishawarudisha. Ukiacha kurudi kwa bahati, saa 8 usiku boda zitawatoza zitakavyo, na watu watatawanyika mmoja mmoja.

Mkifika, kabla ya kutafuta nafasi nzuri, tafuteni milango. Usiku wa kuamkia 2023, kwenye sherehe ya Freedom City barabara ya Entebbe, watu wasiopungua 9, wengi wao watoto na vijana, walikufa kwa kubanana walipokimbilia fataki kupitia njia nyembamba. Chagueni mlango ambao si ule mlioingilia, semeni "hapa ndipo tutakutana" mkiwa mmesimama hapo, na msisogee wakati wa fataki wala dakika 15 za kwanza baada ya wimbo wa mwisho. Watu wawe wawiliwawili, na kila mmoja ajibu kwa mwenzake tu. Mnywaji na asiyekunywa wawe jozi moja.

Simu na maneno

WhatsApp inatosha. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na kikundi kinachotegemea VPN, programu ya kukwepa kizuizi, kitapoteza watu wazima wote. Januari hiyohiyo intaneti nzima ilizimwa kwa siku kadhaa za uchaguzi, kwa hiyo orodha ya namba za wanachama iwe pia kwenye karatasi, ndani ya daftari la fedha.

Kundi liwe na wasimamizi wawili, mmoja mwanamke. Yanayoruhusiwa: nyimbo, ratiba, shida za wanachama. Siasa, mahubiri na biashara zibaki nje, na usiruhusu ujumbe "wa leo tu," maana kesho utakuwa na tatu. Matusi dhidi ya msanii yafutwe papo hapo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ilikazwa 2022, na simu iliyotuma ndiyo huulizwa. Picha za kikao zisitumwe nje bila idhini ya kila anayeonekana. Wapo watakaokuja bila kuwaambia kanisani au kazini, na picha moja itawaondoa kabisa.

Mwanachama akikosa vikao viwili mfululizo, mpigie. Usimwandikie. Ujumbe hujibiwa "nipo sawa" na mtu aliyelazwa. Kazi hii ipewe mtu mmoja kwa jina, abadilike kila miezi mitatu, na asipige kudai mchango.

LC1, wazazi na wanaowaogopa

Kabla ya kikao cha pili nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, mkiwa watu watatu wa umri tofauti, mmoja mkazi wa siku nyingi. Mpelekeeni barua ya ukurasa mmoja: jina la kikundi, mahali, siku na saa za kuanza na kumaliza, majina na namba za wawili wa kuulizwa. "Mzee Mwenyekiti, tumekuja kujitambulisha. Tunasikiliza muziki Jumapili, saa 12 jioni tunafunga. Sauti ikikusumbua, namba ni hizi, tupigie sisi kabla ya mwingine." Ombeni muhuri kwenye nakala yenu. Siku jirani akiita polisi, nakala hiyo yenye muhuri hugeuza kesi kuwa mazungumzo. Siku mkitaka jukwaa la nje na watu wa kulipa, hiyo barua haitoshi. Polisi waandikiwe mapema.

Mzazi anayemkataza binti yake asibembelezwe kwa maneno. Aalikwe kikao kimoja, apewe kiti cha mbele, na aombwe naye alete wimbo. Kwa mashabiki wa metali au hip hop, chapisheni maneno ya nyimbo za siku hiyo mumpe asome. Kinachotisha ni sauti asiyoielewa. Chagueni nyimbo zenye maneno mnayoweza kuyasimamia mbele yake, msimtafutie mabishano.

Anayemsumbua mwanamke kikaoni aonywe siku ileile na wawili waliochaguliwa, na akirudia aondolewe siku ileile pia. Msisubiri mkutano. Kila siku ya kusubiri mtampoteza mwanamke mmoja, na mtu wa aina hiyo mara nyingi ndiye mwenye nyimbo nyingi kuliko wote, kwa hiyo mtashawishika kumvumilia.

Mkizidi 14

Gawanyikeni, hata kama hamtaki. Dalili ni kwamba zamu ya kuleta wimbo inachukua zaidi ya mwezi kumfikia mtu. Msigawe kwa urafiki wala kwa kabila. Gaweni kwa mahali watu wanapoishi, ili kila kikundi kiwe cha kutembea kwa miguu au kwa boda moja. Kila upande uchukue angalau mmoja anayejua kutunza daftari na mmoja anayejua deki. Faili za kaseti zinakiliwe zote pande zote mbili. Fedha zigawanywe kwa idadi ya vichwa mbele ya wote. Deki ibaki moja, na ratiba yake ya miezi mitatu iandikwe siku hiyohiyo kabla ya chai.